Baba Alipojifunza Samaki

Jirani yangu hapa Makanyagio alirudi juzi kutoka Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na boksi la samaki, migebuka waliokaushwa kwa moshi. Alilifungulia uani kwake, lakini ukuta wa tofali hauzuii harufu. Nilikuwa naanika nguo. Nikabaki nimeshika shuka bichi, maji yananichuruzikia miguuni, na kwa kitambo kile sikuwa Mpanda tena, wala sikuwa mwanamke wa makamo mwenye magoti yanayouma. Nilikuwa mtoto wa Ikola, peku, nywele zimenyolewa, nimesimama nyuma ya baba yangu nachungulia karai la samaki.

Baba hayupo siku hizi. Tulimzika Mwamkulu, shambani kwake, na wengi waliokuja msibani walimjua kama mfugaji. Walimsifia ng'ombe wake. Nami niliwasikiliza, nikaitikia, maana ilikuwa kweli. Lakini baba ninayemkumbuka zaidi ni yule wa miaka michache ya ziwani, mtu mzima aliyekubali kujifunza kuanzia chini kabisa, mbele za watu. Nyie wenzangu mliofika umri huu mnajua jambo hilo lilivyo gumu.

Alikuwa Msukuma. Ukoo wake ulishuka na mifugo kutoka kaskazini, wakapiga kambi hapa na pale mpaka wakafika Mwamkulu. Mama alikuwa Mbende wa Ikola, mtu wa ziwa, na namna walivyokutana kila mmoja aliisimulia kivyake. Nilivyomjua mimi, baba hakuwa na haja ya kuhesabu ng'ombe. Jioni walipoingia zizini aliwatazama usoni tu, mmoja baada ya mwingine, na kama kuna aliyekosekana alimtaja: "Yule wa paji jeupe, mwenye pembe iliyolalia kushoto, mtoto wa yule aliyevunjika mguu, yuko wapi?" Kwake kila ng'ombe alikuwa na sura, na mama, na bibi. Mimi nilikaa juu ya uzio, naye akinijaribu. "Mayu," aliniita hivyo, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao na binti zao, "yule anayekunywa maji ni mtoto wa nani?" Nikipatia, alinirushia ua au bua la muwa.

Kisha ikaja homa ya mapafu. Nakumbuka ng'ombe wakikohoa kama wazee. Nakumbuka moshi wa mizoga iliyochomwa, na baba amekaa mlangoni mwa zizi mikono imelegea magotini. Waliobaki walikuwa wachache mno, akamwachia kaka yake. Asubuhi moja mama akamwambia, "Baba Kabula, twende kwetu. Deusi ana mtumbwi." Mwanaume wa Kisukuma kwenda kuishi ukweni, tena kwa watu wa samaki, wenzake wangesema ameolewa yeye. Baba alishinda siku nzima kwenye zizi tupu. Kesho yake akaanza kufunga mizigo.

Lori lilitushusha Ikola mchana wa jua kali. Kitu cha kwanza nilichoona ni dagaa walioanikwa mchangani, wanang'aa, nikadhani mtu amemwaga misumari. Nikanyanyua miguu nisichomwe. Mama alikuwa amekwisha kuvua viatu, anatembea haraka kuelekea majini, anacheka peke yake. Sikuwahi kumwona akitembea hivyo Mwamkulu.

Mjomba Deusi, mdogo wake mama, ndio kwanza alikuwa amerudi kuvua. Pale mwaloni, mahali mitumbwi inapotua, mchangani palilala samaki mkubwa, mnene, mgongo umepinda kama kilima. Baba alimwona, uso wake ukafunguka.

"Huyu ni sangala!" akasema kwa sauti.

Watu wakageuka. Kumbe huko alikozaliwa, upande wa Mwanza, wana samaki mkubwa aitwaye sangara, ila ulimi wa Kisukuma hauna mazoea na r, ukisema sangara inatoka sangala. Na kwa bahati tu, watu wa Ikola nao wanamwita samaki wao mkubwa sangala. Wakamwona mgeni wa ng'ombe anayejua samaki.

"Kumbe shemeji ni mtu wa maji!" akasema Kasiano, mzee kuliko wote katika mtumbwi wa Mjomba, mtu mwembamba mwenye sauti nzito. Akainua samaki mwingine, mwembamba, mrefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, mdomo umechongoka. "Na huyu?"

Baba akamtazama. "Sangala mdogo."

Mwalo mzima ukacheka. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakaacha kazi ili wacheke vizuri. Yule alikuwa mgebuka, samaki ambaye mtoto yeyote wa Ikola anamjua kabla ya kujua jina la kijiji chake. Tangu siku hiyo baba akaitwa Sangala Mdogo. Wavulana walimwita hivyo, wachuuzi walimwita hivyo, na Kasiano alimwita hivyo kila siku ya Mungu.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuchota maji yanayoingia mtumbwini kwa kopo la rangi. Hakujua kuogelea. "Asiyejua kuogelea ni mzigo unaokula," alisema Kasiano, na baba alisikia. Alikuwa mtu aliyezoea kuitwa kuamua ugomvi wa wazee wenzake. Sasa alirudi nyumbani kwa Bibi, mama yake mama, amelowa mpaka kiunoni, anaketi, anakula alichopewa, anasema asante.

Mama ndiye aliyemfundisha kuogelea. Walikwenda asubuhi na mapema upande wa mawe, kabla watu hawajaamka. Siku moja niliwafuata kwa siri. Nikamwona mama amesimama katika maji ya kifua, ameweka mkono mmoja chini ya mgongo wa baba na mwingine kwenye paji la uso, anamlaza polepole, maji yanamfunika masikio, naye amefumba macho. Mama alikuwa anamnong'oneza. Nikajua hapohapo kinachoendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeona mambo kama hayo kwenye picha ya ukutani kanisani. Nikakimbia mpaka kwa Bibi.

"Bibi, mama anambatiza baba!"

Bibi alikuwa Mkatoliki wa damu, na miaka yote alikuwa akimwombea mkwe wake ambaye hakuwa na dini yoyote. Aliweka sufuria chini, akajifunga kitenge, akaenda moja kwa moja kwa katekista kumpasha habari njema. Katekista akaja jioni na furaha yake yote. Ilibidi baba aeleze, mbele ya wageni na majirani, kwamba anafundishwa kuogelea na mke wake. Nilisubiri fimbo. Baba akanitazama kwa muda, mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika mlango. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ng'ombe wafe.

Baada ya hapo akaanza kujifunza samaki. Hakuna aliyemtuma. Mitumbwi ikishapakuliwa, wenzake wakienda kulala, yeye alibaki mwaloni. Aliinama juu ya makarai ya wanawake akiuliza, "Huyu mnamtambuaje?"

"Mbona anajulikana tu, shemeji!"

"Najua anajulikana. Nauliza anajulikana kwa nini."

Lilikuwa swali ambalo watu hawakuwahi kuulizwa. Wengine walikasirika. Wengine walikaa chini wakafikiri, na walipofikiri wakagundua kumbe wanajua mengi. Mmoja alimwonyesha nonzi, jinsi mkia wake ulivyochanika katikati na magamba yake yalivyo madogo. Mwingine alimwonyesha kuhe, na singa mwenye masharubu. Baba alimgeuza kila samaki kama alivyozoea kumgeuza ndama: paji, jicho, taya, mgongo, mkia. Kisha jioni ananikalisha, ananijaribu kama zamani juu ya uzio. "Mayu, aliyekuwa kwenye karai la bluu alikuwa nani? Ulimtambua kwa nini?" Bua la muwa halikuwepo, alinipa mkia wa mgebuka wa kuchoma, wenye chumvi, uliokauka ukalia mdomoni.

Lakini mimi nilikuwa na elimu yangu. Niliona dagaa ni wadogo, migebuka ni wa kati, sangala ni wakubwa. Nikajua kwamba ni samaki mmoja. Dagaa ni mtoto mchanga, akikua anakuwa mgebuka, akizeeka anakuwa sangala. Ng'ombe wana ndama, na mtamba, na dume. Kwa nini samaki wasiwe hivyo? Na nilipotazama ule mchanga mzima umefunikwa na dagaa, moyo wangu ukauma. Tulikuwa tunaua watoto. Muda si mrefu wangekwisha, na sangala wasingekuwepo tena, kama vile zizi letu. Nikagoma kula dagaa. Mama alinigombeza, Bibi akanibembeleza, nikakaza meno.

Baba aliponiuliza, nikamwambia yote. Hakucheka. Alikwenda kwa majirani, akarudi na mgebuka mzima na konzi ya dagaa wabichi kwenye jani la mgomba. Akampasua mgebuka tumbo. Ndani walikuwamo dagaa, wamepangana, wengine bado wana macho.

Nikapiga kelele. "Anakula watoto wake!"

"Ngoja kwanza." Akachukua dagaa mmoja, akamfungua kwa ukucha. Alikuwa mdogo sana mikononi mwa baba. Akanivuta karibu. Ndani ya lile tumbo palikuwa na kitu kama unga wa mahindi ya njano uliolowa. "Hiki ni nini?"

"Mayai."

"Mtoto hubeba mimba?"

Nikafikiri. Nikasema hapana.

"Basi huyu ni mtu mzima. Ni mama. Amekua mpaka mwisho wake, hana urefu mwingine wa kwenda. Dagaa ni dagaa, mayu. Na mgebuka ni simba wake."

Sijui kama ninaweza kueleza nilivyojisikia. Niliangalia ule mchanga unaong'aa, na mara ile haukuwa tena na watoto waliokufa, ulikuwa na taifa zima la watu wazima wafupi. Nikala dagaa jioni ileile.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipokaribia, alikuja Dada Neema. Alikuwa msichana wa kazi ya utafiti wa samaki, ametoka Kigoma na boti, amevaa suruali na mabuti ya mpira, na alikuwa na ubao wa kupimia urefu na mzani wa kuning'iniza. Wanawake walinong'ona kwamba ananunua samaki halafu hali. Alipanga chumba karibu na kwetu, na kila mitumbwi ilipotua alikuwa pale. Baba alimzunguka kwa mbali mwanzoni, kama anavyomzunguka ng'ombe mgeni. Kisha akauliza swali lake, na Neema akaacha ubao, akamjibu kama anamjibu mkubwa wake kazini.

"Umeuliza vizuri, baba. Hata sisi tunaanza hapohapo. Tunatazama taya, tunatazama magamba, tunahesabu miiba ya mgongoni, kisha mifupa. Halafu ndipo tunauliza nani ndugu ya nani."

Alituambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba ukishuka ziwani, unafika mahali mwanga unaisha, na ukishuka zaidi, hewa iliyomo majini nayo inaisha, hata samaki hawezi kuishi. Karibu na mpaka huo, gizani, wapo wanaowinda juu ya tope. Kwamba sangala wa ziwa letu si wa aina moja tu, na hawapatikani popote pengine duniani.

"Na mgebuka naye ni wa kwao," akasema.

"Wa kwao kivipi?" baba akauliza.

"Wataalamu wa zamani walimwona mwembamba mno, wakamtenga, wakampa nyumba yake peke yake. Baadaye wengine wakamchunguza zaidi, hasa mifupa, wakasema hapana, huyu ni wa nyumba ya sangala, ila umbo lake limekwenda njia yake. Wakamrudisha kwa ndugu zake."

Baba akanyoosha mgongo. "Kwa hiyo siku ile niliposema ni sangala mdogo..."

"Hukukosea sana, baba."

Wanawake walicheka, lakini kicheko kilikuwa kingine. Habari ilizunguka Ikola kabla jua halijazama. Jina la utani halikuondoka, ila baba alianza kuliitikia. Kasiano peke yake hakucheka. Alikuwa amevua tangu utotoni, na hakupenda kusikia samaki wake wakihamishwa nyumba na watu wasiojua kupiga kasia.

Ndipo Mjomba alipompa baba mshipi wake mwenyewe. Ulikuwa mshipi wa kilindi, kamba ndefu yenye ndoano nyingi na jiwe la kuzamisha, unatupwa jioni na kuvutwa asubuhi kwa mikono. Nadhani Mjomba alimpa ili anyamaze na maswali. Mama na mimi tulikwenda mwaloni asubuhi ya kwanza kuwasubiri, na Dada Neema alikuwa upande mwingine anapima migebuka wa watu.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, hakuna aliyeruka chini akicheka. Walishuka mmoja mmoja. Kisha baba akashuka, amembeba kifuani kama mtu anavyobeba ndama mgonjwa, akamlaza chini.

Alikuwa samaki mkubwa, mweusi wa shaba, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko ya samaki yeyote niliyewahi kumwona, yamejitokeza nje. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Na mdomoni alikuwa ametoa kitu cha waridi, laini, kama puto la nyama.

"Anatapika moyo wake," alisema Kasiano. "Mimi sijawahi kuona hivi. Huyu si wa kula."

Watu walisogea, kisha wakarudi nyuma. Mchuuzi aliyekuwa amekwisha kuinua mzani akaushusha. Na kutoka kati ya watu, sikuona ni nani, sauti ikasema: "Aliua ng'ombe wake wote. Sasa ametuletea homa yake ziwani."

Nilimwona baba akiipokea sauti ile. Haikumwangusha, lakini alipepesa macho, kama mtu aliyerushiwa mchanga. Wachuuzi walianza kukataa samaki wote wa mtumbwi wa Mjomba, hata migebuka ambao hawakuwa na tatizo lolote. Mjomba akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, tumtupe huyu. Na kesho pumzika kidogo." Hata mimi, mtoto, nilijua maana ya kupumzika.

Baba akapiga magoti. Akamfungua samaki mashavu, akatazama ndani, akamgusa ufizi, akamnusa.

"Mnyama mgonjwa namjua," alisema. "Nimewazika wengi. Jicho linafifia, ute unanuka. Huyu mashavu ni mekundu, safi. Alikuwa mzima mpaka nilipomvuta. Sijui kwa nini ametoka hivi, lakini si mgonjwa."

Dada Neema alikuja mbio, mabuti yanapiga mchanga. Alipoona, akafurahi hadharani, jambo ambalo halikusaidia. Akaeleza kwamba samaki huyu ana mfuko wa hewa ndani, na huko chini maji yanaukandamiza. Akivutwa juu haraka, hewa inatanuka, inasukuma tumbo lake litoke mdomoni. Akaweka kidole, akalirudisha lile puto ndani. "Si moyo. Ni tumbo. Hana ugonjwa."

"Dada," alisema Kasiano, naye hakusema kwa ubaya, "wewe wiki ijayo unapanda boti yako. Sisi tunabaki hapa na watoto wetu."

Ndipo nikaona mama hayupo pembeni yangu.

Alikuwa amekwenda kwenye majiko ya wanawake wanaokaanga. Alirudi na kisu, sufuria na kijinga cha moto. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alipanga mawe matatu palepale, mbele ya mtumbwi wa mdogo wake, akachota maji ya ziwa.

"Mama Kabula," baba akasema.

"Nishikie mkia."

Dada Neema akainama kwake. "Mama, samahani. Naomba kichwa. Tafadhali usikipike kichwa. Nadhani huyu ni wa aina nyingine, si sangala yule wa kila siku."

"Hata mimi naona," baba alisema. "Tazama jicho."

"Nami nadhani hivyo, baba. Lakini kudhani hakutoshi."

Mama akakata kichwa, akampa. Akapasua, akakata minofu, akatia chumvi na nyanya ya mtu mmoja aliyekuwa karibu. Nyama ilikuwa nyeupe sana. Mwalo mzima ulisimama kumtazama mwanamke anapika. Ilipoiva hakupoza. Akachukua kipande, akala. Akatafuna polepole, akimtazama Kasiano usoni, akameza, akachukua kingine.

Kisha akaninyooshea mimi.

"Mtoto asubiri," baba alisema. Akanishika bega, akanivuta nyuma.

"Mtoto atakula," mama alisema. "Samaki umevua wewe. Nani ale kama si mtoto wako?"

Nikala. Ilikuwa tamu, laini, na mafuta yake yalinitiririka kidevuni. Nilitaka kusema kitu kikubwa, nikasema, "Inaunguza." Baba akala. Mjomba akatazama mtumbwi wake, akatazama dada yake, akakaa chini mchangani, akala. Wa mwisho alikuwa Kasiano. Alikuja polepole, akachukua uti wa mgongo, akaunyonya mfupa kwa mfupa. Alipomaliza akafuta mikono kwenye kaptula yake.

"Una mafuta," alisema.

Kesho yake alfajiri mama alifagia uwanja wote, mpaka wa jirani, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kupasua paa. Kwa kawaida hakuwa mwimbaji. Nilidhani amefurahi tu. Nilipokua ndipo nikaelewa: alitaka kila mtu anayekwenda mwaloni asikie kwamba yu hai. Wachuuzi walirudi kwa Mjomba siku ileile. Na baba hakupumzika. Alipanda mtumbwini, akakuta kopo la kuchotea maji limo mikononi mwa Kasiano, na mzee yule anachota.

Dada Neema aliondoka na kichwa ndani ya ndoo ya chumvi. Mvua zikanyesha zote, zikaisha. Baba aliendelea kuvua na kuuliza. Watu wakaanza kumwita wakipata samaki wasiyemwelewa, naye alikuja, anainama, mikono nyuma, na mara nyingi alisema, "Huyu simjui," bila aibu yoyote. Nimefanya kazi na watu wengi waliosoma na wasiosoma, na bado namtafuta mwingine anayeweza kusema maneno hayo vile.

Neema alirudi kiangazi kilipoanza. Alikuja nyumbani moja kwa moja, hajapitia hata chumbani kwake, vumbi la safari lingali usoni. Baba alikuwa uwanjani anashona wavu. Mama alikuwa jikoni na Bibi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na baba, namshikia kamba.

"Baba, tumemlinganisha na wengine. Jicho, taya, miiba, yote. Ulisema kweli, si yule wa kila siku. Anakaa chini kabisa karibu na tope, ndiyo maana watu wenye nyavu hawamwoni mara nyingi."

"Na yule sangala wa kwetu Mwanza?"

"Ni nyumba moja. Wote jina lao la kwanza ni Lates. La pili ndilo la kila mmoja peke yake. Huyu wako anaitwa Lates mariae. Ni Kilatini. Maana yake wa Maria."

Mkono wa baba ukasimama kwenye wavu.

"Nani?"

"Maria. Waliompa jina zamani walimpa la mwanamke."

Baba akamtazama ili ajue kama anatania. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha mabega, na Neema naye akacheka bila kujua sababu. Nami sikujua. Katika nyumba yetu baba na mama hawakuitana majina kamwe. Alikuwa Mama Kabula naye alikuwa Baba Kabula. Mjomba alimwita "dada". Bibi alimwita "mama", kwa kuwa alirithi jina la mama mzazi wa Bibi, na jina la marehemu mzazi halitajwi ovyo. Mwaloni alikuwa Mama Kabula. Sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuwa na jina lingine.

Baba akaweka wavu chini, akageukia jikoni.

"Maria!" akaita. Sauti ilitoka nyepesi, kama ya kijana.

Nikatazama njiani kumtafuta huyo mgeni. Hapakuwa na mgeni. Mama akatokea mlangoni, mwiko mkononi, moshi nyuma yake, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona hapo.

"Unasemaje, Masanja?" akaitikia.

Ndivyo nilivyojua kwamba kabla yangu walikuwepo watu wawili.